Duka la vitu vya kale Mji Mkongwe: stempu na sarafu safi sana, santuri mmh

Naanza na hukumu ili asiye na muda asome hapa tu aende zake. Stempu na sarafu nyota tano bila kupepesa macho. Kanga nyota nne. Saa nyota tatu, tena hapo nimemhurumia mwenye duka. Santuri nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu mzee ana adabu na kahawa yake nzuri.

Jina la duka silitaji maana mwenyewe hataki mambo ya mitandaoni, anasema watu wanakuja kupiga picha halafu hawanunui hata kibiriti. Lipo vichochoro vya ndani Mji Mkongwe, Unguja, na kwa nje ni duka la vitu vya kale kama mengine mengi pale, makasha ya njumu, mabirika ya shaba, picha za masultani zimefifia. Tofauti yake ni kabati moja la vioo upande wa kulia ukiingia, lote limejaa vitu vilivyokosewa kiwandani. Si vilivyochakaa wala kuvunjika jamani, vilivyokosewa tangu vinatengenezwa, mashine imeteleza au mpangaji herufi kasinzia.

Ukisimama pale bei zinakuvuruga akili. Senti ishirini yetu ya zamani, ile ya mbuni, imegongwa pembeni, Tsh 180,000, wakati senti ishirini hiyo hiyo nzima, safi, imo kwenye bakuli la chagua mwenyewe kwa 2,000. Rafu ya chini yake kuna kanga mpya kabisa haijaguswa maji, jina limekosewa, doti nzima 7,000 wakati nyingine kama hiyo isiyo na kosa hapo nje unalipa 15,000. Yaani kosa huku linapandisha bei mara tisini na kule linaikata nusu, kabati moja, mwenye duka mmoja. Jamaa yangu wa Tanga niliyekuwa naye akaninong'oneza huyu mzee anapanga bei kwa ndoto. Mi nasema hapana, kwa sehemu kubwa mzee yuko sahihi kuliko wauzaji wengi niliowaona, pale anapopotea anapotea kwa sababu anachukua sheria ya sarafu anaipeleka kwenye vitu ambavyo si sarafu, nitafika huko.

Tuanze na stempu maana ndo roho ya duka. Posta ya Zanzibar ilikuwa inaendeshwa na serikali ya Uhindi mpaka 1895, ilipoondoka kwao hapa hakukuwa na stempu za wenyewe, basi wakachukua zile zile za Uhindi zenye kichwa cha Malkia Victoria wakazipiga chapa neno Zanzibar juu yake, na kazi ikafanyika hapa hapa kwenye mtambo wa Zanzibar Gazette. Herufi zinapangwa kwa mkono, haraka haraka, b ikakaa d, zikatoka stempu zimeandikwa Zanzidar. Ndiyo, nchi imekosewa jina kwenye stempu yake yenyewe. Katalogi ya Stanley Gibbons, kampuni ya stempu ya Uingereza, inaitaja Zanzidar kivyake, na mstari wake na bei yake, na hilo ndo jambo watu hawalioni, mwenye albamu akishaona kosa lina mstari kwenye katalogi basi albamu yake ina pengo, na mtu mwenye pengo analipa.

Mzee anayo moja, imekaa kwenye kibahasha cha plastiki pamoja na cheti cha wataalamu wa Royal Philatelic Society London, chama cha watu wa stempu. Bei haandiki, unauliza, mi niliuliza nikabadilisha mada. Kilichonivutia ni kwamba pembeni yake ana nyingine mbili, Zanzidar pia, kwa macho yangu ni pacha kabisa, na kaandika kwa mkono kwenye kikaratasi "chapa ya uongo, 10,000".

"Shikamoo mzee, sasa feki unauza ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Nauza kwa sababu nshaandika kuwa ya uongo. Hiyo utajifunzia. Ile yenye cheti utaogopa hata kuifungua."

Akanipa lupu yake, kile kioo cha kukuzia, akaniambia tazama wino. Nikaweka jicho. Stempu ilikuwa na muhuri wa posta, duara lile jeusi, na ukifuatisha mstari wa duara mpaka unapokutana na neno Zanzidar unaona wino wa neno umepita juu ya muhuri. Inatakiwa kinyume, neno linachapwa kwanza posta wanauza, ndo mtu anabandika kwenye barua na muhuri unakuja mwisho kabisa. Hii ilishatumika zamani, tena herufi chache za muhuri zilizobaki zinasomeka Bombay, halafu mjanja fulani akaja kuipiga neno miaka mingi baadaye. Stempu ya Uhindi ya enzi hizo ni bei ya pipi, ukiwa na kimtambo kidogo unatengeneza Zanzidar mpaka uchoke, ndo maana bila cheti mzee haiiti Zanzidar hata ukimbembeleza. Kwa somo hilo peke yake nyota tano zimeshapatikana.

Upande wa stempu huo huo ana moja ya Marekani ya 1962, ya Dag Hammarskjöld, yule katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa kwenye ajali ya ndege Ndola mwaka mmoja kabla. Rangi ya njano ya nyuma imechapwa kichwa chini. Bei ya mzee, 3,000. Wateja wanachachamaa pale maana wamesikia habari ya ile nyingine ya Marekani, ya senti 24 ya 1918 yenye picha ya eropleni juu chini, karatasi moja tu ya stempu 100 ilipenya dirishani posta ya Washington, mnunuzi alilipa dola 24 akaiuza kwa 15,000 ndani ya siku chache, na 2023 kipande kimoja kilienda kwa zaidi ya dola milioni mbili. Sasa wanajiuliza mbona ya Hammarskjöld bei ya soda? Kwa sababu mkuu wa posta wa Marekani wakati huo, J. Edward Day, aliposikia watu wamepata karatasi zenye kosa akaamuru kosa lichapwe makusudi, mamilioni, kila mtu apate. Mtu mmoja New Jersey alikuwa tayari anazo 50 kwenye karatasi moja, alishajiona tajiri, ikaisha hivyo hivyo. Kosa lile lile la kugeuza, tofauti ni kwamba la kwanza serikali ililikosa mkononi na la pili ililimwaga sokoni kwa hasira. Mzee anaiuza kwa bei halali na anakueleza kisa chote bure, kwa mtu anayetaka kuanza kukusanya nasema anzia hapo, 3,000 huli hata chipsi kuku Forodhani.

Haya, kanga. Hizo ni za mke wake, yeye anakaa kwenye kibaraza cha ndani na mashine ya kushona anapinda doti za wateja. Niliichukua ile ya 7,000 nikasoma jina, MGENI NJOO MWENYEJI AONE. P imeruka. Nikaangua kicheko mpaka mama akageuka.

"Sasa hiyo nani ataivaa mwanangu? Mgeni afike mlangoni akute keshatishiwa."

Na ndo jibu lenyewe. Kanga inanunuliwa kwa jina lake, mtu anachagua nusu saa dukani akitafuta maneno ya kumfikishia jirani au wifi, jina likiharibika kazi yake imekufa. Halafu kingine, mtambo wa kanga ukikosa herufi haikosi kwenye moja, inakosa kwenye mzigo mzima, majora kwa majora, kwa hiyo hata uadimu hakuna. Na hakuna katalogi ya kanga yenye mstari wa AONE, hakuna mwenye pengo, hakuna wa kulipa. Herufi moja kwenye stempu ya 1895 inaitwa hazina, herufi moja kwenye kanga ya juzi inaitwa hasara. Kuna ile Biblia iliyochapwa London 1631 ikasahau neno la kukataza kwenye amri ya uzinzi, ikabaki kama inaamrisha watu wazini, wachapaji wakapigwa faini pauni 300 na nakala zikakusanywa zikaharibiwa, sasa chache zilizobaki zinagombewa minadani. Zingeachwa zote ziuzwe tu sidhani kama kuna mtu angehangaika nazo.

Mama ana nyingine ambayo jina ni zima ila imekatwa vibaya, pindo la upande mmoja nene na la upande wa pili jembamba kama utambi, mji umesukumwa pembeni, na kipande chake cha pili kimekatwa sawa kwa hiyo ukivaa doti juu na chini haziongei. Hiyo 6,000. Kwa nini nampa nne na si tano? Kwa sababu hataki kushusha hata mia. Ila kila anayeshika kanga ya kosa anamkunjulia yote na kumuonyesha kosa kwa kidole kabla ya pesa, ni wachache wanaofanya hivyo. AONE niliichukua, sasa hivi iko kwa dada yangu Temeke na ameshaivaa siku wifi zake walipokuja, mwenye kujua ajue.

Sarafu sasa. Ile mbuni ya 180,000 niliishika kwa muda mrefu. Kichwa cha Mwalimu kimekatwa kwenye kisogo, na upande uliobaki ni chuma tupu kimetulia kama mwezi mwandamo, hakuna herufi wala mstari, na sarafu yenyewe imepanuka kidogo upande huo kwa sababu haikukaa ndani ya ile pete ya mashine inayoibana pembeni wakati inagongwa. Mwaka unasomeka. Hapo ndo penyewe, kwa wakusanyaji wa makosa ya sarafu kadri picha inavyotoka nje ya mahali pake ndivyo bei inavyopanda, ila mwaka ukipotea bei inashuka, nusu nje na mwaka upo ndo kilele. Mzee anazo nyingine zilizoteleza kidogo sana, ukucha tu, hizo kaweka 10,000 na 15,000 na ni sawa kabisa, nyingi zinatoka hivyo.

Nilijiuliza kwa nini kosa halimuumizi mbuni kama linavyoiumiza kanga, na nadhani ni kwamba senti ishirini haina kazi tena. Hainunui kitu. Kosa haliwezi kuharibu kazi ambayo haipo, limebaki kuwa ushahidi wa kilichotokea ndani ya mashine siku ile, tena mashine ya watu wanaohesabu na kukagua kila kipande, kwa hiyo kilichopenya ni kama mfungwa aliyetoroka. Ndo maana swali la kwanza kwa sarafu si uzuri, ni je ilitokea ndani ya kiwanda au nje? Nje ni uharibifu tu. Nikiwa pale kijana mmoja kaingia na shilingi mia mbili anadai ina picha mbili, kweli juu ya Karume kuna maandishi yamezama na yamegeuka kama ya kwenye kioo, anataka nusu milioni. Mzee hata lupu hakuchukua, kaigeuza tu.

"Kijana wangu, hii imebanwa kwenye jiliwa pamoja na sarafu nyingine. Tazama huku nyuma, simba wako kalaliwa na chuma."

Kweli upande wa simba ulikuwa bapa, manyoya hayana mistari tena. Kijana kaondoka kanuna ila hakudanganywa wala kutukanwa.

Juu ya meza kuna sumaku imefungwa kamba, akaniambia hiyo inafanya kazi kuliko mjukuu wake. Senti moja ya Marekani ya 1943 zilitengenezwa kwa chuma maana shaba ilikuwa inaenda vitani, ila vipande vichache vya shaba vya mwaka uliopita vilibaki mashineni vikagongwa 1943, na hizo ni mamia ya maelfu ya dola. Basi watu wanazipaka shaba zile za chuma wanaleta. Sumaku ikinasa, kwaheri.

Ana pia peni ishirini ya Uingereza isiyo na mwaka. 2008 walibadilisha michoro, mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, halafu mafundi wakafunga uso wa zamani na mgongo mpya, pande zote mbili zikakosa mwaka. Wanakadiria hazizidi 250,000, na kuna kampuni ya London ilijitolea kununua kwa pauni 50 moja, nchi nzima ikawa inakung'uta mifuko. Mzee anataka 200,000, imezidi kidogo, ila huilipii posta wala hujiulizi kama itafika. Nduguzetu mlioko London na Leicester kagueni vikombe vyenu vya chenji kabla hamjaja kununua huku.

Sasa kitu kilichoniudhi. Anazo senti kumi za Afrika Mashariki, zile za tundu, moja tundu lake limekaa upande, 40,000, nikaipenda nikanunua. Mzee kuona nimependa tundu la upande akanivuta kwenye santuri, akatoa ya dansi ya miaka ya 70, iliyotengenezwa Nairobi kama nyingi za bendi zetu wakati ule, akasema hii nayo tundu liko pembeni, adimu, 120,000. Nzima yake anauza 40,000! Pale dukani ana pleya, nikaomba tuisikilize, akaweka. Mkono wa sindano ukaanza kucheza kushoto kulia na sauti ikaanza kuyumba, solo inapanda inashuka kama mpigaji yuko ndani ya ngalawa, mwimbaji masikini anaanza neno na sauti moja analimaliza na nyingine. Haisikilizeki. Hiyo kwa watu wa santuri si adimu, ni takataka, kiwanda chochote kilitoa nyingi za hivyo na watu wakazirudisha.

Nikamwambia mzee hapa umechanganya. Santuri ina kazi bado, watu wanaipiga. Makosa ya santuri yanayolipiwa ni yale yanayokupa kitu cha kusikia au kusoma, kama albamu ya Bob Dylan ya 1963 ambayo nyimbo nne zilibadilishwa dakika za mwisho ila kopi chache zikatoka na zile za mwanzo, hizo ni maelfu ya dola kwa sababu masikio yanapata wimbo ambao wengine hawana. Au lebo zimebandikwa kinyume, upande A uko B, hapo mtu ataongeza kidogo kwa kufurahia.

"Mbona tundu la senti kumi umelipenda?"

"Mzee, senti kumi siisikilizi."

Akacheka sana, akanimiminia kahawa nyingine, na bei hakushusha hata shilingi. Nyota moja.

Kwenye saa kachanganya kwa njia nyingine. Ana Seiko 5 ambayo alama za dakika kwenye ule mduara wa ndani hazikutani na alama za saa, imepinda kwa nusu dakika hivi, kaandika adimu, 350,000. Wapenzi wa Seiko watanielewa, hilo ndo kosa watu wanaloliangalia dukani ili wasiinunue, lipo mno. Amesikia nadhani habari za Rolex Daytona za miaka ya 90 ambazo viduara vyake vidogo viligeuka kahawia kwa sababu ya vanishi iliyotumika kiwandani, na watu wanalipa zaidi kwa zile zilizobadilika vizuri. Lakini hiyo ni Rolex, ni modeli moja ya kipindi kimoja, rangi inatofautiana kila saa na haiwezi kurudiwa. Kampuni yenye sifa ya kutokosea ikikosea ni habari, nyingine ikikosea unaomba kubadilishiwa. Nampa tatu kwa sababu saa zake nzima zimesafishwa vizuri na mashine zake ni orijino, kafungua mfuniko nikaona mwenyewe.

Vigari vya watoto viko vinne vitano chini kabisa, picha za mlangoni ziko juu chini, kimoja hakina gurudumu la nyuma. Vilivyo ndani ya pakiti isiyofunguliwa nunua ukipenda, vilivyo wazi achana navyo, gurudumu hata mwanao anang'oa.

Mambo ya huduma. Kadi hawapokei, pesa taslimu au ya simu, na kwenye stempu za bei kubwa anakuandikia risiti kwa mkono kwamba ukiipeleka kwa wataalamu wakasema ya uongo anarudisha pesa yote, nimeiona risiti ya mteja mwingine na kweli imeandikwa hivyo. Kwenye santuri na saa hakuna kurudisha, ukitoka umetoka. Anafunga mchana wakati wa sala na Ijumaa anachelewa kufungua, usigonge. Kuna giza kidogo kwenye kabati lile, taa moja imeungua na inaonekana haina haraka ya kubadilishwa, kwa hiyo beba tochi au simu yenye chaji. Na kama unaifuata ile mbuni wahi, maana nilipotoka kulikuwa na Mswidi mmoja anaiangalia kwa jicho baya.